Jumanne Isiyo na Mgonjwa

Mwanza, Jumapili usiku

Miaka yote ya kumuuguza mama, wiki yangu ilikuwa na siku tatu tu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ndizo zilikuwa siku zake za kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na siku nyingine zote zilikuwa za kujiandaa na hizo. Alfajiri namwogesha, namvalisha gauni la mikono mipana ili mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, ufikike bila shida, naita bajaji, tunapanda kilima cha hospitali. Anapimwa uzito, anaunganishwa na mashine kwa muda wa saa nne, akimaliza anapimwa tena. Kilo zake nilizijua kuliko zangu.

Kisha mama akafariki. Tukamzika kwao, Sengerema. Huzuni nilikuwa naitarajia. Jumanne ndiyo sikuitarajia.

Msiba wenyewe una utaratibu, na ule utaratibu unambeba mtu. Kuna wageni wa kupokea, kuna masufuria, kuna daftari la rambirambi. Mtu anakuambia kaa, unakaa. Anakuambia kula, unakula. Halafu matanga yanaanuliwa, turubai linakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na ndugu wanatawanyika kila mmoja na basi lake. Wakati wa kurudi nilipita kwenye lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mama alivuka pale kwa kivuko karibu maisha yake yote, na alikuwa na hadithi nyingi za foleni: waliolala pale, mahindi ya kuchoma, watoto wanaolia. Sasa kilomita tatu zinaisha kabla hujapanga mawazo. Nililitamani sana lile foleni siku ile. Nilitaka kitu kinizuie njiani nisifike nyumbani mapema.

Nyumbani mwili wangu haukuwa na habari kwamba kazi imekwisha. Saa kumi na moja alfajiri macho yako wazi. Nilikuwa nakata viazi vidogo vidogo, navichemsha kwenye maji mengi, namwaga yale maji, kwa sababu mgonjwa wa figo anapunguziwa namna hiyo potasiamu, madini ambayo figo zake hazimudu kuyatoa. Nilikuwa nampikia nani? Nilikuwa nakunywa maji kwa kupima kikombe, kama yeye, wakati figo zangu ni nzima. Baada ya hapo mchana unakuja na huna pa kuuweka. Unakaa kitandani umevaa vizuri kabisa, simu mkononi, na hakuna anayekuhitaji kwa lolote.

Watu wanasema, "Sasa nawe umepumzika." Wanasema kwa mapenzi, najua, lakini neno hilo lilinichoma kila nilipolisikia. Kaka yangu wa Dar alikuwa anauliza mpango wangu ni upi. Duka la vifaa vya ujenzi nililoacha kazi kwa ajili ya mama lina muuzaji mwingine siku nyingi. Wenzangu niliosoma nao watoto wao wako darasa la tano, la sita. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya hayo yote sioni hata pa kuanzia, na kila nilipoulizwa mpango nilizidi kuzama.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini tunamkosea mtu aliyepotea tunapomdai mpango. Mtu aliyeuguza muda mrefu hajakosa akili ya kupanga. Alikuwa anapanga dawa, nauli, kadi ya bima, chakula, hata kiasi cha barafu ya kufyonza mgonjwa anapozidiwa na kiu. Alichopoteza ni yule aliyekuwa anazijaza saa zake. Kwanza zijazwe saa. Mambo ya maana ya maisha yatasubiri.

Mama mdogo alilijua hilo bila kufundishwa. Alikuja akakaa nami, na hakuniuliza habari za kesho hata mara moja. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, nipeleke Mwaloni nikanunue dagaa." Tukaenda Kirumba. Alipita gunia kwa gunia, anachota dagaa kiganjani, anapuliza, anatafuna mmoja, anakataa. Waliokaukia mchangani hawataki. Anataka wa kwenye chanja. Wauzaji walikuwa wanabishana naye, yeye hana haraka, na mimi nimeshika kikapu. Wapakiaji wanapiga kelele, jua linawaka, harufu ya ziwa imetanda. Tulipoondoka ilikuwa mchana, na mchana ule niliusahau kuuogopa. Kesho yake akataka nimshonee kanga pindo. Keshokutwa akataka twende jumuiya. Kila siku kitu kimoja, kidogo, chenye mtu anayekingoja.

Alipoondoka niliendelea na kanuni hiyo: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima niwe mahali ambapo nisipotokea mtu ataniulizia. Siku nyingine zikiwa mbaya, ziwe.

Zilikuwepo mbaya kweli. Usingizi ulipokataa wiki baada ya wiki na chakula kikawa hakipiti, nilikwenda kumwona daktari. Dada yangu aliogopa, kwa sababu kwetu ukisema daktari wa akili mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, moja kwa moja. Yule daktari alinisikiliza. Aliuliza kama hali ile imezidi wiki mbili na inanikuta karibu kila siku, kama kuna kitu chochote bado kinanifurahisha, kama nawaza kufa. Akanieleza kwamba majonzi na sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, vinafanana sana, na vinaweza kumkuta mtu kwa pamoja, ndiyo maana anataka nirudi aone mwenyewe ninavyoendelea. Kule kurudi kukawa shughuli nyingine kwenye wiki yangu. Ninayeandika haya namwomba yeyote anayewaza kufa amwambie mtu leo hii, asisubiri wiki mbili wala kesho.

Kisha kuna jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mume wake ameanza kusafishwa damu. Alikuja jioni moja amebeba karatasi ya vyakula aliyopewa kliniki, machozi yanamlenga, anasema ndizi hawezi, parachichi hawezi, maharage kidogo, sasa atampikia nini? Tukaingia jikoni. Nilimwonyesha viazi. Nilimwambia mkono wenye fistula usipimwe presha wala kutolewa damu, na asione haya kumkumbusha mtu yeyote anayesahau. Nilimwonyesha namna ya kuweka vidole juu ya ule mshipa asubuhi asikie unavyotetema, na kwamba siku usipotetema wawahi hospitali palepale. Tulikaa hadi usiku. Nilipolala, nililala.

Tangu hapo kuna swali halinitoki: je, nikasomee uuguzi? Nina miaka 36. Vyuo vinataka ufaulu wa Biolojia na Kemia, na Kemia yangu ya kidato cha nne ni F, kwa hiyo ingebidi nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kaka anaona umri umekwenda na ada ni nyingi. Mama mdogo ananiambia nisimsikilize. Mimi nimeazima vitabu kwa binti wa jirani, nasoma jioni ukurasa mmoja mmoja, na mengine ninayaelewa vizuri zaidi kuliko nilivyokuwa msichana. Sijaamua bado.