Viti viwili vya Alhamisi Kuu

Jamani hili limenikaa moyoni wacha niliseme tu. Mimi na dada mmoja wa kwaya tulikuwa hatusalimiani tangu Krismasi, kisa eti yeye kapewa solo mimi nikaachwa, yaani tunakaa benchi moja la sauti ya pili na kitabu cha nyimbo sichangii naye. Sasa Wiki Takatifu katekista akaniambia nipo kwenye wale 12 wa kuoshwa miguu na padre Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake (zamani walikuwa wanaume tu, Papa Fransisko ndo karuhusu wanawake 2016), nikafurahi kwa kiburi kabisaa, nikapaka na rangi kucha. Kwenda kukaa pale mbele nageuka hivi, kiti cha pembeni ni yeye!

Padre wetu mzee, magoti yenyewe yanamsumbua, kapiga magoti kwenye saruji na jagi lake la plastiki, akaushika mguu wa yule dada, kisigino kimepasuka pasuka na vumbi limeingia mle, nikakumbuka huyu anakuja mazoezi kwa mguu kutoka kule mlimani mimi nakuja na boda. Halafu ile Yohana 13 tuliyotoka kusomewa, Yesu aliwaosha na Yuda aliyekuja kumsaliti akiwemo. Nikaishiwa nguvu.

Tulipotoka nikamwambia dada nisamehe. Akacheka, "Mbona mi nilishasahau, we ndo ulikuwa unanuna." Aibu niliyoipata! Ila usiku ule nililala usingizi sijaulala muda mrefu.