Kadi ya basi ndani ya ada

Leo nimeisoma stakabadhi yangu ya ada mara mbili. Chini kabisa kuna mstari: kadi ya basi, lazima kwa wote. Mimi nakaa hosteli, darasani naenda kwa miguu dakika tano. Kadi yangu bado imo kwenye bahasha tangu muhula uanze. Lakini rafiki ninayeketi naye darasani hupanda mabasi mawili asubuhi na mawili jioni. Kwake kadi hii ni mkombozi. Tukilipa wote, bei ya kila mmoja hushuka. Wasiopanda wakijitoa, mzigo unawaelemea waliobaki. Kwa hilo nachangia kwa moyo mweupe. Ila anayesomea mtandaoni kutoka mbali, mahali basi lenyewe halifiki, analipishwa kwa lipi? Huyo asamehewe, tena bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi.