Bangili ya stendi ya Kange

Mama alirudi kutoka stendi ya Kange na bangili ya sumaku, shilingi 15,000, eti inavuta damu chafu. "Mwanangu, ganzi yote imeniisha." Sikubishana, mama yangu habishiwi kwa fizikia, hata nikimwambia chuma kilichomo kwenye damu hakinaswi na sumaku kama msumari. Nikamwomba aniazime siku moja.

Kidato cha pili nilikwenda na mbili: hiyo, na ya bati inayofanana nayo. Zote nilizishonea kipande cha kanga kuukuu. Binti mmoja akawa anazigawa kutoka nje ya mlango, mimi mwenyewe nisijue ipi ni ipi, maana uso wa mwalimu huvujisha majibu. Wanafunzi 12 wakapokezana. Watano waliandika kwamba mkono umepata joto. Watatu kati yao walivaa bati!

Nikawasimulia Paris ya mwaka 1784, tume ya mfalme iliyokuwa na wanasayansi Benjamin Franklin na Lavoisier, ikichunguza tiba ya daktari Mesmer aliyedai kuponya watu kwa nguvu ya "sumaku" isiyoonekana. Kijana alifungwa macho, akapitishwa kwenye miti, mmoja tu ukiwa "umetiwa nguvu". Akazimia kwenye mti usiohusika. Darasa likaangua kicheko, hasa wale watatu.

Kisha mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi: "Mwalimu, watu 12 wanatosha kweli?" Kengele ikalia, tukaendelea kubishana hadi nje.

Jioni nilimrudishia mama bangili. Akaniuliza wanafunzi wangapi wamepona.