Kuwaombea Mema Watani wa Jadi

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Jana usiku tulibishana kwa karibu saa tatu kuhusu mchezo ambao haumo katika ratiba yoyote. Msimu wa kawaida wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ulimalizika Jumapili iliyopita, Los Angeles Lakers wakishika nafasi ya tatu katika Kanda ya Magharibi kwa ushindi wa michezo 50, na Boston Celtics, mabingwa watetezi, wakishika nafasi ya pili Mashariki kwa ushindi wa michezo 61. Kwa kuwa timu hizi zinatoka kanda mbili tofauti, haziwezi kukutana popote katika mtoano isipokuwa fainali, na ili kufika huko kila moja inapaswa kuvuka raundi tatu, kila raundi ikidai ushindi wa michezo minne. Tulikuwa wanne, watatu mashabiki wa Lakers na mmoja wa Boston, na swali lililotukosesha usingizi lilikuwa moja: je, shabiki wa Lakers aombe kukutana na Boston, au aombe wang'olewe njiani na mtu mwingine?

Mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita kaka, hakuona hata sababu ya swali hilo kuulizwa. Kombe ni kombe, alisema. Boston wana mataji 18 na sisi tuna 17. Taji lolote, liwe dhidi ya Cleveland, New York au Indiana, linatufikisha 18 na hesabu inakuwa sawa. Kwa nini basi umtafute Jayson Tatum, nyota wa Boston, na wenzake, watu wanaorusha mitupo ya pointi tatu zaidi ya 48 katika kila mchezo, ikiwa yupo anayeweza kukuondolea mzigo huo kabla hujaubeba? Tena fainali hiyo ingeanzia Boston, kwa kuwa wametuzidi kwa ushindi 11, na mchezo wa saba, kama ungehitajika, ungechezwa kwao. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe unatafuta mateso, mimi natafuta kombe."

Nilimjibu kwa jina moja la nyota wa zamani wa Lakers: Jerry West.

Kesho inatimia miaka 63 tangu mchezo wa saba wa fainali ya 1962, uliochezwa Boston tarehe 18 Aprili. Timu zilikuwa sare ya pointi 100 kwa 100, sekunde za mwisho zikiyoyoma, pale Frank Selvy wa Lakers alipopata nafasi ya kutupa akiwa karibu na kikapu, upande wa kushoto. Mpira uligonga chuma ukatoka. Boston walishinda 110 kwa 107 katika muda wa nyongeza, na Bill Russell wao aliondoka uwanjani usiku ule akiwa na pointi 30 na ribaundi 40, yaani mipira 40 aliyoidaka baada ya mitupo kukosa kikapu. West alikuwa katika msimu wake wa pili tu. Hakujua kwamba angerudi fainali dhidi ya Boston mwaka 1963, 1965, 1966, 1968 na 1969, na kwamba angeshindwa mara zote hizo. Katika ile ya 1969 mchezo wa saba ulichezwa Los Angeles, na mmiliki wa timu, Jack Kent Cooke, alikuwa ameamuru maputo yaninginizwe darini ili yaachiwe Lakers watakapotangazwa mabingwa. West alicheza huku msuli wa paja ukimuuma, akafunga pointi 42, akachukua ribaundi 13, akatoa asisti 12, na Lakers wakafungwa 108 kwa 106. Maputo yalibaki darini. Mwaka huo ndio tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilipotolewa kwa mara ya kwanza, nayo alipewa West, na hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuipata akiwa katika timu iliyoshindwa.

Sasa hapa ndipo hoja ya kaka inapokwama. West alilipata taji mwaka 1972, dhidi ya New York, na lilikuwa la pekee katika maisha yake ya uchezaji. Kama kombe ni kombe, basi lile la 1972 lingetosha kufuta yote yaliyotangulia, lakini halikufuta. Lakers waliendelea kuwa wateja wa Boston, wakafungwa tena mwaka 1984 katika michezo saba, na wakati huo walikuwa wamekwisha kunyakua mataji ya 1980 na 1982 mbele ya Philadelphia. Uteja ule ulifutwa mwaka 1985 tu. Walianza kwa kuchapwa 148 kwa 114 katika mchezo wa kwanza, wakainuka, na wakamaliza kazi katika mchezo wa sita ndani ya uwanja wa Boston wenyewe, Kareem Abdul-Jabbar akitangazwa mchezaji bora akiwa na umri wa miaka 38. West alikuwa meneja mkuu wa timu ile. Mataji mawili yaliyopatikana kwa wengine hayakuweza kufanya kilichofanywa na hilo moja.

Kaka hakukubali kirahisi, na kusema kweli alinijibu vizuri. Alinikumbusha kwamba mara ya mwisho tulipokutana, mwaka 2010, sisi ndio tulioshinda, hivyo mwenye deni ni Boston. Nikamwambia kwamba katika fainali 12 ambazo timu hizi zimekutana, wao wameshinda tisa na sisi tatu, na deni la namna hiyo halihesabiwi kwa mchezo wa mwisho pekee. Hapo mwenzetu wa Boston akaingilia na ile kauli yao ya kila mwaka, kwamba mataji matano kati ya 17 yetu yalipatikana Minneapolis kabla timu haijahamia Los Angeles mwaka 1960. Sitarudia ubishi huo hapa. Timu ni ile ile, na katika fainali ya kwanza baina yao, mwaka 1959, waliofungwa michezo minne mfululizo walikuwa Lakers wa Minneapolis. Wakitaka kuyatoa mataji yale, na ushindi ule nao wautoe kwenye tisa zao.

Kilichonishangaza jana ni kwamba huyo shabiki wa Boston ndiye aliyekuwa upande wangu. Anatutaka. Taji la mwaka jana, anasema, lilimfurahisha sana, lakini lilipatikana mbele ya Dallas, na moyoni mwake mchezo wa saba wa 2010 haujaisha. Kendrick Perkins, senta wao, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, aliumia goti katika mchezo wa sita, na katika mchezo wa saba Boston walitangulia kwa pointi 13 katika robo ya tatu kabla ya kuzidiwa chini ya kikapu na kufungwa 83 kwa 79. Aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama tungeshinda Perkins akiwepo. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na huwa nalijibu kwa tambo. Jana nilishindwa. Kobe Bryant alifunga mitupo sita tu kati ya 24 usiku ule. Kilichotuokoa ni ribaundi zake 15 na 18 za Pau Gasol, na ribaundi ndicho kitu ambacho Perkins alikuwa akiwanyima watu. Nilimwambia, "Ndugu yangu, pengine tusingeshinda." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo maana anataka turudiane.

Nadhani shabiki wa timu nyingine hawezi kulielewa hili kwa urahisi. Mchezo wa 2010 ulichezwa tarehe 17 Juni. Boston walitwaa taji la 2008 mbele yetu, kwa kipigo cha 131 kwa 92, tarehe 17 Juni vilevile. Na mwaka jana walipofikisha taji la 18 na kutuacha nyuma, ilikuwa tena tarehe 17 Juni. Kwangu tarehe hiyo ina furaha moja kubwa na majeraha mawili.

Kuna tarehe nyingine niliyoitaja jana, nao wakanisikiliza bila kunikatiza. Jerry West alifariki dunia tarehe 12 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 86. Usiku huo huo Boston walicheza mchezo wa tatu wa fainali dhidi ya Dallas na kushinda 106 kwa 99, na Luka Dončić, nyota wa Dallas, alitolewa uwanjani kwa faulo ya sita zikiwa zimesalia dakika zaidi ya nne, timu yake ikiwa imekaribia kusawazisha. Aliketi benchi akitazama fainali ikimponyoka. Nani angedhani kwamba miezi minane baadaye mtu huyo angevaa jezi ya Lakers, katika mabadilishano yaliyompeleka Anthony Davis Dallas? Ninapowazia Boston na Lakers mwezi Juni, simwazii nyota wetu LeBron James kwanza, ingawa ana miaka 40 na sijui ni misimu mingapi imebaki. Namwazia Luka akiingia tena katika uwanja wa Boston, mwaka mmoja baadaye, na deni lake mwenyewe juu ya deni letu.

Mwenzetu wa nne, dada mmoja anayefuatilia takwimu kuliko sisi sote, alikuwa kimya kwa muda mrefu. Alipozungumza aliuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyemtaja Rudy Gobert tangu jioni. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Kabla ya Boston wapo Minnesota, akasema, nao wana Gobert chini ya kikapu na Anthony Edwards pembeni, wakati sisi tangu Davis aondoke hatuna senta wa kumtegemea zaidi ya Jaxson Hayes. Yule tuliyemchukua kutoka Charlotte, Mark Williams, alirudishwa baada ya vipimo vya afya. Tukiwavuka Minnesota, tunakutana na mshindi kati ya Houston na Golden State. Baada ya hapo, kwa dalili zote, ni Oklahoma City, timu iliyoshinda michezo 68. Alitukumbusha pia mchezo wa tarehe 8 Machi kule Boston, tulipofika tukiwa tumeshinda michezo minane mfululizo: Tatum alifunga pointi 40, tukalala 111 kwa 101, na LeBron akatoka uwanjani na jeraha la kinena lililomweka nje kwa wiki mbili. Kwa nini, aliuliza, tunagawana nyama ya mnyama ambaye hata hatujamwona?

Yuko sahihi, na sikujaribu kumpinga. Kocha JJ Redick akifikiria Boston wiki hii atakuwa amekosea kazi yake. Lakini mimi si kocha, na matamanio ya shabiki hayapunguzi ulinzi wa Lakers hata kidogo. Shabiki ana karibu wiki saba za kungoja kabla ya fainali, na lazima angoje kwa kutazamia kitu fulani.

Nililolitafakari zaidi baada ya wenzangu kuondoka ni jambo jingine, ambalo hakuna aliyelisema waziwazi. Anayewataka Boston fainali analazimika kuwaombea Boston. Hawezi kutaka mchezo ule na papo hapo akataka Orlando wawatoe katika raundi ya kwanza, au New York katika ya pili, au Cleveland katika fainali ya Mashariki. Anatakiwa atamani goti la Jaylen Brown, lililomnyima michezo ya mwisho ya msimu, lipone upesi. Mitupo ya Tatum iingie. Kristaps Porziņģis asiugue. Tangu nianze kuwapenda Lakers sijawahi kushangilia kikapu hata kimoja cha Boston. Mwaka 2010 nilifurahi, nakiri kwa aibu, nilipomwona Perkins akitolewa nje, na lile swali la jana lilinichoma kwa sababu hiyo. Furaha ile ndiyo iliyoutia doa ushindi wangu, kwa kuwa tangu siku hiyo kila ninapoutaja kuna mtu anayeweza kuniuliza habari za goti.

Safari hii nawataka wazima, wote kumi au kumi na mmoja wanaocheza. Kaka atasema nimerogwa. Anapiga hesabu ya mataji, nami siwezi kumlaumu, kwa sababu kama tutalibeba kombe mbele ya Indiana nitalia kwa furaha kama yeye. Ila najua pia kwamba asubuhi yake nitaikuta bado ile tisa kwa tatu, haijaguswa.

Jumamosi tunaanza na Minnesota nyumbani, na kwa saa zile mbili na nusu sitaki kusikia habari za mtu mwingine yeyote isipokuwa Gobert na Edwards. Jumapili Boston wanawapokea Orlando. Nimekwisha kumwandikia yule ndugu yangu wa Boston kwamba tutautazama mchezo huo pamoja, naye amejibu kwa kuuliza nitakaa upande gani. Nimemwambia nitakaa upande wake, hadi mwezi Juni.