Tulivyochangisha fedha za kuwapeleka watoto wa ngoma Ulaya

Mtoto wa familia isiyojiweza hakwamishwi na tiketi. Anakwama mapema zaidi, kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo tulipopata mwaliko wa kuwapeleka watoto wa kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, Ujerumani, tulianza kuchangisha fedha za makaratasi peke yake, na tiketi ikasubiri. Mwaliko wenyewe ulitufikia kupitia urafiki wa miji: Mwanza na Würzburg zina uhusiano tangu 1966.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, soma mwaliko vizuri. Kwa desturi, matamasha ya ngoma za asili Ulaya hubeba malazi, chakula na usafiri wa ndani, na kikundi hujilipia nauli ya kwenda na kurudi. Mwaliko unaodai ada ya ushiriki kwa kila mtoto na bado unawaachia hoteli mjilipie, ukatae. Hiyo ni biashara ya kuuza safari, na ni dhulma kuichangishia fedha za watu.

Kwa upande wa makaratasi, pasi ya kielektroniki ya Tanzania ni shilingi 150,000, lakini haipatikani bila cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mtoto aliyezaliwa nyumbani akalelewa na bibi mara nyingi hana. Mlezi atahitaji ushahidi kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya mtendaji wa kata, na kila karatasi ina nauli yake ya kuifuata. Mtoto yatima au aliye kwenye makao ya watoto anamhitaji pia afisa ustawi wa jamii, kwa sababu lazima ajulikane mtu mwenye haki kisheria ya kumruhusu asafiri. Ridhaa ya wazazi au mlezi igongwe muhuri wa wakili. Hatua hii ipe miezi mingi kuliko zote, na watengenezee pasi watoto wawili wa akiba. Daima kuna anayeugua au anayehamishwa na familia.

Njia ya kuchangisha tuliichukua kwenye kamati ya harusi, maana ndiyo ambayo kila Mtanzania anaijua: mwenyekiti, mweka hazina, katibu, kadi za mchango, orodha ya ahadi na kundi la WhatsApp la kukumbushana. Tofauti ni kwamba kadi zetu hazikuomba "chochote ulichonacho". Kila kadi ilitaja kitu kimoja kizima: pasi ya mtoto mmoja, bima ya mtoto mmoja, nauli ya basi ya mtoto na mlezi kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mtu akiona kitu anachoweza kukimaliza yeye mwenyewe, au yeye na wenzake wanne kazini, hutoa haraka na kwa furaha. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, kamwe zisiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Ahadi zihesabu kwa theluthi mbili tu unapopanga matumizi, na usisahau makato ya kutuma na kutoa.

Ngoma yenyewe huchangisha vizuri, kwa kuwa Wasukuma wanajua kuwatuza wachezaji fedha. Wawepo watu wazima wawili wa kuzihesabu fedha hapohapo na kuziandika kwenye daftari. Ila jilindeni: watoto wakicheza kila Jumamosi kwenye sherehe za watu, uchangishaji umegeuka ajira ya watoto. Sisi tuliwaruhusu kucheza likizo tu, mchana, na wakiwa wameshakula. Picha za kuombea fedha ziwe za mazoezi, watoto wamevaa vizuri, bila majina yao wala habari za umaskini wa nyumbani. Mtoto ataishi na picha hiyo mtaani baada ya safari kuisha.

Fedha nyingi huokolewa kwenye viza, na wengi hawajui. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Lakini kanuni za viza zinawasamehe ada wawakilishi wa asasi zisizo za kibiashara wenye umri usiozidi miaka 25 wanaokwenda kwenye shughuli ya utamaduni iliyoandaliwa na asasi isiyo ya kibiashara. Ili msamaha huo ukubaliwe, kikundi kiwe kimesajiliwa, na barua ya mwaliko iseme wazi kwamba mwandaaji hafanyi biashara. Walezi waliovuka umri huo wanalipa. Malipo ya kituo cha kupokea maombi hayahusiki na msamaha.

Bima ya matibabu lazima ifikie angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika 45. Wenye miaka 12 na kuendelea hutoa alama za vidole, maana yake kwa watu wa Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar, na huko kuna kulala na kula. Bajeti nyingi nilizozisoma hazina mstari huo. Tiketi usiilipe kabla ya viza. Ombi linahitaji uhifadhi wa nafasi tu. Kwenye kadi ya mchango andika tangu mwanzo fedha zitafanyiwa nini viza ikikataliwa, kwa sababu ada iliyolipwa hairudishwi.

Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kiombwe mapema. Shule nazo ziandikiwe: matamasha mengi ya Ulaya huwa Julai na Agosti, wakati likizo yetu ya Juni imekwisha. Darasa la saba hatumchukui kabisa, mtihani wake ni Septemba.

Mizigo inaweza kula akiba yote. Majembe ya bugobogobo tulitengeneza ya mbao nyepesi, na hata hayo yanakwenda chini ya ndege. Mbega, ambaye ngozi yake huvaliwa, na chatu wa Bagoyangi, wachezaji wa Kisukuma wanaocheza na nyoka, wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, hivyo mapambo yawe ya manyoya ya bandia. Ngoma za ngozi waombe wenyeji wawaazimie. Forodha na uzito vinagharimu kuliko kuazima.

Asilimia 10 ya bajeti iwe ya dharura. Tukirudi, kila mwenye kadi hupelekewa hesabu pamoja na picha za risiti, na kinachobaki hulipia vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao hawajavipata.