Shingo Inayouma na Fikira Zilizo Kwingine

Mafundi cherehani wengi ninaowahudumia hapa Tanga hunieleza jambo moja kwa maneno yanayokaribiana: mchana kutwa, hasa siku za kuelekea Idi au msimu wa harusi, shingo haiwasumbui sana, lakini cherehani ikishafunikwa na nyumba ikatulia, maumivu huja kwa nguvu hadi wakakosa upande wa kulalia. Ndugu zao huwaambia kwamba maumivu hayo yangekuwa ya kweli yangewauma hata wakiwa kazini. Kauli hiyo hunisikitisha kila ninapoisikia, kwa kuwa mgonjwa huondoka nayo akiamini kwamba ama anajidekeza au akili yake ina kasoro, ilhali kupungua kwa maumivu wakati fikira zimeshikwa na kazi ni jambo lenye chanzo mwilini, na limeshapimwa.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyobadilisha taaluma yetu ya kutibu maumivu. Walieleza kwamba taarifa zinazotoka kwenye misuli na viungo hazipandi hadi ubongoni bila kizuizi, bali hupita katika uti wa mgongo penye kitu mfano wa lango, na kwamba ubongo wenyewe unaweza kulibana au kulifungua lango hilo kwa amri zinazoshuka kutoka juu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, watafiti wa Hamburg nchini Ujerumani walipiga picha za uti wa mgongo wa watu wenye afya njema waliokuwa wakipashwa joto la kuumiza mkononi huku wakifanya zoezi la kumbukumbu. Zoezi lilipokuwa gumu, watu walisema maumivu yamepungua, na mwitikio wa uti wa mgongo nao ulipungua. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, watu walipewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya kemikali ambazo mwili hutengeneza na ambazo zinafanana na afyuni. Nafuu iliyoletwa na kushughulishwa ilipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Fundi aliyezama katika kupima na kukata gauni la bibi harusi anaweza kuwa anapata kitu cha aina hiyohiyo, na usiku, kazi ikiisha, hakuna tena kinachoshindana na shingo.

Hata hivyo, waliopimwa Hamburg hawakuwa wagonjwa, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu. Maumivu ya shingo yanapozidi miezi 3 tunayaita sugu, na kwa wengi hatupati jeraha moja la kulinyooshea kidole. Picha nazo hazitusaidii kama watu wanavyodhani: utafiti uliofanyika Japani kwa watu 1,211 wasio na dalili, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta diski za shingo, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimetokeza kwa asilimia 87.6 kati yao. Kwa baadhi ya wagonjwa, kilichobadilika zaidi ni usikivu wa mfumo wa fahamu wenyewe. Tunaweza kuuchunguza kwa kifaa chenye ncha ya mpira kinachokandamizwa polepole juu ya msuli wa bega, na mgonjwa husema mara tu mgandamizo unapogeuka kuwa maumivu. Kisha tunapima kwenye muundi wa mguu, mahali ambapo hapana ugonjwa wowote. Muundi nao ukiuma kwa mgandamizo mdogo kuliko kawaida, tunashuku kwamba tatizo haliko tena shingoni peke yake.

Ili kuona kama kushughulisha fikira kunapunguza maumivu, tunaweza kupima usikivu huo huku mgonjwa akihesabu kinyumenyume kutoka 100 kwa kupunguza saba saba, lakini kuna mtego ambao si wote huuona. Kipimo chenyewe kinamtaka mtu awe macho ili asikie maumivu yanapoanza, nasi papo hapo tunamwondolea umakini. Akichelewa kusema, je, ameumia kidogo, au alikuwa bado anatafuta jibu la 79 kutoa 7? Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Hamburg, kwa sababu uti wa mgongo hauhitaji kuulizwa.

Utafiti mwingine ninaoukumbuka kila ninapompa mgonjwa ushauri ni wa Ubelgiji, mwaka 2004, uliowahusu wenye maumivu sugu ya kiuno. Walinyanyua mzigo katika hali mbili: fikira zikiwa zimeshughulishwa, na bila kushughulishwa. Wakati wa kunyanyua hapakuwa na tofauti. Baadaye, maumivu yalikuwa makubwa zaidi pale fikira zilipokuwa zimeshughulishwa. Kiuno si shingo, lakini habari za mafundi wangu zinafanana nayo mno: anayesahau shingo yake husahau pia kuinua kichwa, kupumzisha mabega na kusimama. Tena, mtu anayeogopa kwamba shingo yake inaharibika siku hadi siku hawezi kwa urahisi kupeleka fikira kwingine, kwa maana hofu huzirudisha palepale. Huyo namwondolea hofu kwanza, kwa maelezo na kwa mazoezi mepesi anayoyaona yakimpita salama.

Kwa hiyo simwambii mgonjwa ajisahaulishe ili amalize oda. Namshauri aweke kengele ya kumwinua kitini kabla shingo haijachoka, na shughuli ya fikira aitumie katika mazoezi anayoyaogopa na katika saa ngumu za usiku. Shughuli hiyo iwe inayodai akili kweli na anayoipenda: kughani utenzi alioukariri, kusoma sura kwa moyo, kupanga hesabu za kitambaa bila karatasi. Redio inayolia pembeni bila kusikilizwa sitarajii ifanye kazi hiyo. Simu naikataa, kwa sababu anayeinamia kioo chake huku kichwa kikining'inia anaiongezea mzigo shingo ileile anayotaka kuisahau.

Mwenye ganzi au udhaifu wa mikono, anayeyumba akitembea, mwenye homa, anayepungua uzito bila sababu au aliyepata ajali asihangaike na haya. Aende kwa daktari mapema.

Wengine naomba waandike daftarini alama ya maumivu kati ya 0 na 10 mara tatu: kabla ya shughuli, inapoendelea, na saa moja baada ya kumalizika. Alama ya tatu ndiyo ninayoitazama zaidi. Ikiwa juu kuliko ya kwanza siku baada ya siku, tunapunguza muda wa kazi iliyomzamisha au tunaongeza mapumziko ndani yake, na ikishuka, tunaendelea.