Kipi naletewa, kipi nafuata mwenyewe

Chipsi hazipandi bodaboda. Hiyo ni sheria ya nyumbani kwangu, Sinza Mori, Dar es Salaam, na hata watoto wanaijua.

Mimi kazi yangu iko maeneo ya Morocco, baba watoto anatoka Kariakoo, na wote tunafika nyumbani giza limeshaingia. Kuna siku za katikati ya wiki jiko haliwashwi, huo ndio ukweli. Ubishi wetu ulikuwa mmoja: tuagize tuletewe, au mmoja wetu apitie chakula njiani? Mwanzoni tulikuwa tunaangalia hela ya kuletewa tu. Siku hizi naanza na chakula chenyewe, halafu njia, hela inakuja mwisho.

Tatizo la chipsi ni mvuke. Zinatoka kwenye karai zina moto, na kiazi ndani kina maji. Ukizifunga kwenye foili au boksi la kufunika, ule mvuke hauna pa kutokea. Unaganda kwenye kifuniko, unageuka matone, unadondokea humohumo. Bodaboda akikwama kidogo tu pale Bamaga, unachopokea ni viazi vya kuchemsha vyenye mafuta. Chipsi mayai zina nafuu, maana yai lenyewe ni laini tangu mwanzo. Mishikaki nayo ikifungwa inapoteza ule ukavu wa moto wa mkaa, na hata ukiipasha haurudi.

Kwa hiyo chipsi nazifuata mwenyewe. Nashuka kwenye daladala Afrikasana, napita kwa kaka mmoja mwenye kabati la vioo pembeni ya barabara. "Kaka, nifungie chipsi kavu mbili, usifunike, kachumbari weka pembeni." Nimesema hivyo mara nyingi mpaka ameniita Dada Usifunike, na wateja wengine wananigeukia. Anazimimina kwenye mfuko wa khaki, mdomo unabaki wazi, chumvi anapiga juu palepale, pilipili na kachumbari kwenye vifuko vyake. Nikifika nyumbani bado zinalia mdomoni.

Vyakula vya wali ndivyo vinavyovumilia safari. Biriani yetu ya pwani ni kama ilitungwa kwa ajili ya kusafirishwa: wali mbali, rojo mbali, mnakutanisha mezani. Pilau ikikaa nusu saa kwenye foili harufu yake inazidi kukolea. Wali maharage hauna neno. Hivi naagiza bila wasiwasi, hata vikitoka Kariakoo. Samaki wa nazi naagiza wa karibu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, na cha kuliwa moto kibaki juu ya nyuzi joto 60. Sasa hesabu mwenyewe: kilipakuliwa saa ngapi, kikasubiri kaunta muda gani, kisha foleni ya Barabara ya Morogoro jioni.

Namna ya kuletewa nayo ina mambo yake. Programu za simu ni rahisi, unabonyeza unakaa, lakini huwa naulizia kwanza bei ya mezani kwa WhatsApp. Programu inakata kamisheni yake kwa mgahawa, na kuna migahawa inayoirudisha kamisheni hiyo kwenye sahani yako. Halafu programu si za kutegemea moja kwa moja. Jumia walikuwa wakubwa, na Novemba 2019 wakafunga biashara Tanzania. Mimi natunza namba za majiko yenyewe. Napiga simu, nalipa kwa lipa namba, nasubiri jina la mgahawa litokee kwenye simu ndipo naingiza namba ya siri. Chakula anakifuata kijana wa kijiwe chetu cha bodaboda, na nauli yake nampa mkononi akifika, elfu mbili kwa hapa Sinza, mbali zaidi tunaelewana.

Faida kubwa ya kijana wa kijiweni ni kwamba nyumba anaijua. Wale wageni huanza: "Dada, nipo hapa sheli, nielekeze." Mwaka 2022 tulibandikiwa vibao vya anwani za makazi, namba yangu inaonekana vizuri getini, lakini sijawahi kupata dereva aliyeiulizia. Wote wanataka duka la Mangi, halafu geti jeusi.

Ukifuata mwenyewe unapata kitu ambacho hakuna programu inayokupa: unafunua unaona. Kuna mgahawa mmoja, jina nalihifadhi, ulinitumia biriani bila rojo. Kijana keshaondoka, watoto wameshanawa mikono, wali mkavu umekaa mezani. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Mwambie arudi achukue." Arudi kwa nauli ya nani? Tangu hapo kijana wangu anafunua palepale kaunta, ananipigia picha, nikisema sawa ndipo anawasha pikipiki. Pia nawaomba jikoni wasipakue mpaka afike.

Nikienda mwenyewe kufuata wali au mchuzi nabeba hotpoti yangu. Mwanzoni wahudumu walicheka, kama vile nimekuja na chombo cha shughuli. Lakini kinaokoa hela ya kifungashio, chakula kinafika cha moto, na mchuzi haumwagiki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, tunabebea ile mifuko mbadala, na mfuko mbadala haushiki mchuzi hata kidogo; unapita kama kwenye kitambaa mpaka kwenye sketi yako. Chipsi usizitie kwenye hotpoti, ni yaleyale ya mvuke.

Masika nauli zinapanda, na mvua ikiwa kubwa siagizi kabisa. Kijana wa watu asije akateleza barabarani kwa sababu ya wali wangu. Tunasonga ugali, tunakaanga mayai, tunalala.

Ramadhani ndiyo ina hesabu yake. Magharibi ikikaribia usitafute bodaboda, nao wana midomo na wamefunga kama wewe. Futari ya kuletewa iwe imeshafika kabla jua halijaanza kushuka, la sivyo utafungua kwa tende na maji huku simu ya dereva haipokelewi. Mwezi ule mimi hupitia mwenyewe njiani: kaimati na sambusa, mihogo ya nazi nyumbani nimeshaandaa.

Supu ya Jumapili asubuhi hatujawahi kuiagiza. Kongoro linataka kufuatwa mapema kabla halijaisha, na hiyo ni kazi ya baba watoto, na hotpoti kubwa. Anaaga saa moja, kibanda kiko mtaa wa pili, anarudi saa mbili na nusu anasema foleni ilikuwa ndefu. Midomo inang'aa mafuta.